Kitu Kimeshika Mshipi na Hukioni: Maswali ya Wavuvi wa Malindi Kuhusu Samaki Mkubwa

Maswali haya hurudi kila msimu, kutoka kwa vijana wa Shella, Mayungu na Ngomeni, na hata kwa wageni wanaokodi boti asubuhi moja tu na kurudi na hadithi ya mwaka mzima. Wengi huuliza juu ya nguvu: nivuteje, nikaze kiasi gani. Mimi huwajibu kwamba samaki usiyemwona anajieleza mwenyewe kupitia uzi, na kazi yako ya kwanza ni kumsikiliza. Wengi wanaowapoteza samaki wakubwa huwapoteza kwa kuvuta kabla hawajajua wanamvuta nani.

Nitajuaje kama ni samaki au nimenasa mwamba?

Tazama mawimbi. Mshipi ulionasa hukaza chombo kikipanda na kulegea kikishuka, kila wimbi, bila kukosea. Samaki hana habari na mawimbi yako. Atavuta chombo kikishuka, atatulia chombo kikipanda, na katikati utasikia mpigo, hata kama ni mdogo.

Anayewachanganya watu ni chewa. Akishaingia pangoni hutanua mashavu na mapezi akajikaza, na mshipi ukawa mfu kabisa. Hapo wengi hukata uzi na kumtukana mwamba. Kabla hujakata, legeza mshipi wote, usimvute hata kidogo, na subiri dakika kadhaa. Asipohisi mvuto, mara nyingi hutoka mwenyewe. Ukiona uzi umeanza kutembea polepole, kusanya ule ulegevu kimya kimya, kisha mvute mara moja kwa nguvu zako zote, maana nafasi ya pili hatakupa.

Ameshika na anakimbia. Nifanye nini kwanza?

Tazama miguu yako. Sisemi mzaha. Mshipi unaotoka kwa kasi huondoka na chochote kilichomo ndani ya mduara wake: kifundo cha mguu, kidole, kishikio cha ndoo, nguo. Kama unavua kwa mkono, mshipi wako unapaswa kuwa ndani ya karai au umezungushwa kwenye kibao, si umetapakaa chini ya chombo.

Halafu mpe. Wazee wakiona kijana amekaza meno na mikono husema "mpe, mpe!", na kijana hujibu "haya, ami" huku bado amekaza. Mbio za kwanza si zako. Huwezi kumzuia samaki mzima ambaye bado ana pumzi zote, na ukijaribu, kitakachokatika ni uzi au ngozi ya vidole vyako. Mpe, lakini usimpe bure: uzi utoke ukiwa na uzito kidogo nyuma yake, ili kila mita anayochukua ailipie.

Nitamtambuaje kabla sijamwona?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Nusu dakika ya mwanzo inatosha kukupa jina, au angalau ukoo.

Anza na nguru. Huyu hugonga na kuondoka papo hapo, mbio ndefu za usawa, karibu na juu, na uzi hulia. Halafu husimama ghafla. Nguru ana meno ya kukata, kwa hiyo kama hukuweka kipande cha waya mbele ya ndoana, mara nyingi hadithi huishia hapo: uzi unarudi mwepesi, umekatwa safi. Mzia naye hukata hivyo hivyo, ila mbio zake ni fupi, na kichwa hukitikisa sana.

Kolekole, hasa yule mkubwa wa mwambani, hupiga kwa kichwa. Utasikia midundo mizito mkononi, mmoja mmoja, huku anaelekea mwamba ulio karibu. Anaujua mwamba wake kuliko wewe unavyoijua njia ya nyumbani. Kwa huyu peke yake navunja ile kanuni ya "mpe": ukimpa mita ishirini karibu na mwamba, amekwisha kukukata. Kolekole mkubwa kabisa hupita kilo 70, na nyama yake yote ni ya kuvuta.

Jodari hukimbia kwenda chini. Mkia wake hupiga haraka haraka, mitetemo midogo isiyokoma ambayo ukishaijua huisahau tena. Akichoka kidogo huanza kuzunguka chini ya chombo, duara kubwa, na kwenye kila duara kuna upande anaokuja kwako na upande anaokwenda. Vuta akija, shikilia akienda. Ukivuta pande zote mbili, utachoka wewe kwanza. Jodari hachoki upesi kwa sababu mwili wake unahifadhi joto: misuli yake myekundu huwa na joto kuliko maji yanayomzunguka, na misuli yenye joto hufanya kazi vizuri zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Chewa ni mvuto mmoja mzito kuelekea chini, halafu kimya. Nimeshamweleza.

Taa hana papara. Hushuka, hujilaza mchangani, na mabawa yake hushika chini. Ni kama unavuta jamvi lililolowa: uzito mtupu, halafu linanyanyuka kidogo, halafu linalala tena. Usimvute wima. Sogeza chombo upande, mvute kwa pembe, ili maji yaingie chini yake na yamwinue.

Papa naye hana haraka mwanzoni. Huenda zake kana kwamba hajaona ndoana, mvuto mpana usiobadilika, kisha hugeuka na uzi ukalegea mpaka ukadhani ametoka. Kuwa mwangalifu na uzi unaokuja na mikwaruzo: ngozi ya papa ni ya kusugulia, na akijiviringisha kwenye mshipi huula bila kutumia jino hata moja.

Sulisuli na nduaro utawajua kwa pembe ya uzi. Uzi ulioelekea chini unaanza kupanda, unalala juu ya maji, unakata maji kwenda pembeni. Hapo jiandae, anaruka. Akiwa hewani mlegezee kidogo, kwa sababu samaki anayetikisa kichwa nje ya maji hana maji ya kumpunguzia uzito, na uzi uliokaza hukatika au ndoana huchomoka.

Songoro ni mjanja wa namna yake. Huja mpaka ubavuni mwa chombo kwa upole, watu wanafurahi, kisha akiiona mbao anaamka. Wengi huvunja vifaa vyao ndani ya chombo kwa sababu ya songoro aliyepakiwa akiwa bado mzima.

Kwa nini uzi hukatika samaki akiwa mbali, na breki ya rili sijaigusa?

Kwa sababu breki imejigusa yenyewe. Unaipima rili, lile gurudumu la kukunjia uzi, ikiwa imejaa. Samaki akishachukua uzi mwingi, mduara uliobaki kwenye rili unakuwa mdogo, na nguvu inayohitajika kuuzungusha inaongezeka. Mduara ukipungua kuwa nusu ya upana wake wa mwanzo, breki uliyoipima kwa kilo 10 sasa inavuta kilo 20. Ongeza na uzi wenyewe: mamia ya mita yanayoburutwa majini ni mzigo, na samaki akigeuka kona uzi hujikunja majini na mzigo unazidi tena.

Kwa hiyo samaki akienda mbali, LEGEZA breki. Najua mkono unataka kufanya kinyume. Abiria wote kwenye boti nao watakupigia kelele ukaze. Legeza, na mwambie nahodha amfuate.

Kipimo cha kuanzia kinachokubalika na wengi ni robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 40, breki ya kilo 10 hadi 13. Pima kwa mizani ya kuning'iniza sokoni, ile ya ndoana, kabla hujatoka. Kukadiria kwa mkono ni kujidanganya, hasa asubuhi ukiwa na nguvu. Kumbuka pia kwamba uzi wa nailoni ukishalowa hupungua nguvu kidogo, na fundo hupunguza zaidi. Kila fundo lilowishe mate kabla hujalikaza; likikazwa kavu, msuguano hulichoma na utaona limepauka. Likipauka, kata ufunge upya.

Uzi wa kilo 20 unaweza kumtoa samaki wa kilo 40?

Unaweza. Majini samaki hana uzito huo, maji yanambeba. Unachopigana nacho ni mkia wake. Uzito wa kweli hurudi pale kichwa kinapotoka juu ya maji, na ndiyo maana nyuzi nyingi hukatikia ubavuni mwa chombo, watu wakiwa wameshaanza kugawana minofu. Usimnyanyue kwa uzi. Mwache alale juu ya maji, mlete kwa usawa, kisha upembo, ule mti wenye ndoana kubwa nchani, ufanye kazi yake.

Mimi sina rodi wala rili. Navua kwa mkono kwenye ngalawa. Haya yananihusu?

Yanakuhusu kuliko wenye boti za wageni. Wao wana breki ya chuma. Wewe breki yako ni vidole.

Usivue samaki mkubwa kwa vidole vitupu. Kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, vipande vidogo, uvae kama pete kwenye vidole vinavyopitisha mshipi. Glavu nzito ni nzuri pia ila hukuondolea hisia, na hisia ndiyo darubini yako. Uzi mnene ni rafiki wa mkono. Ule mwembamba mno, hata kama una nguvu za kutosha, hupasua nyama.

Usizungushe mshipi kwenye kiganja. Hata mara moja. Hata kwa samaki mdogo, kwa sababu samaki mdogo hugeuka chambo, na papa hamwombi ruhusa. Ukihitaji breki zaidi, pitisha mshipi nusu mzunguko kwenye mti wa chombo, bila kuufunga, ushike ncha kwa mkono mmoja. Msuguano wa mbao utakubebea sehemu kubwa ya mvuto na ukilegeza tu unatoka. Mtu wa pili aumwagie mti maji ukianza kupata joto.

Na uwe na dumu. Funga dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kizuri kwenye mwisho wa mshipi. Uzi ukiisha na samaki bado anakwenda, litupe baharini. Sasa anavuta boya linalotaka kupanda juu kila sekunde, na wewe unalifuata taratibu huku umekaa. Nimeona samaki wakubwa wakichoshwa na dumu la mafuta ya kupikia kuliko na mwanamume mwenye misuli.

Kwa nini nisiufunge mshipi kwenye chombo tu?

Kwa sababu ngalawa hupinduka. Samaki akivuta kutoka ubavuni huku wimbi linakuja upande ule ule, huna sekunde ya kufungua fundo.

Jambo linalofanana na hilo: nanga. Kama umetia nanga na samaki anakwenda, usianze kuivuta. Funga boya kwenye mwisho wa kamba ya nanga tangu asubuhi, ili wakati huo uiachie tu na kuirudia baadaye.

Anapita chini ya chombo. Nifanyeje?

Kwenye boti ya mashine, hilo ni jukumu la nahodha kuliko lako. Samaki abaki upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa pembe, mahali unapoweza kuona uzi unaingia wapi majini. Akielekea chini ya chombo, nahodha asogee mbele polepole na kugeuza tezi mbali na uzi. Wewe tumbukiza ncha ya rodi majini, hata mpaka karibu na rili, uzungushe kupita nyuma ya panga la mashine. Kwenye ngalawa hatari ni mirengu, zile mbao za kando zinazoizuia isipinduke. Peleka mshipi kwa mkono kupitia omo (mbele) au tezi, usibishane naye ukiwa umekaa palepale.

Na mmoja tu ndiye aseme. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hakuna siku inayozaa manahodha wengi kama siku samaki mkubwa ameshika.

Pigano huchukua muda gani?

Hakuna saa. Lakini mapumziko yako ni mapumziko yake pia. Mbio za kasi samaki huzifanya kwa misuli myeupe, ambayo huchoka upesi na huhitaji muda kurudi. Ukisimama ili upige gumzo, anairudisha. Mvuto mdogo usiokatika ni bora kuliko mivuto mikubwa yenye vituo.

Badilisha upande pia. Ukivuta kutoka juu tu, anakuzoea. Vuta kushoto, kisha kulia, umgeuze kichwa. Kichwa kikigeuka, mwili hauna budi kufuata, na kila akigeuka anapoteza mwendo.

Samaki wa chini anayetoka kilindini, mathalani chewa au changu, hubadilika njiani. Kibofu chake cha hewa hutanuka kadiri maji yanavyopungua uzito juu yake, na akifika nusu ya safari huwa anapanda mwenyewe. Papa na taa hawana kibofu hicho, kwa hiyo hao usiwasubiri walainike. Watapigana mpaka ubavuni.

Alikuwa mzito, ghafla amekuwa mzito zaidi, kisha mwepesi. Nini kimetokea?

Umekula hasara. Papa amempata kabla yako. Vuta haraka, utakuta kichwa, na kichwa cha nguru hakijawahi kukosa mchuzi. Mahali hapo hama. Papa akishajua chombo chako kinaleta chakula, atakaa chini yako siku nzima.

Ni kweli sulisuli hukimbia kilomita 110 kwa saa?

Namba hiyo huandikwa kila mahali na hupendwa sana na waongozaji wa watalii. Vipimo vya miaka ya karibuni, vilivyofanywa kwa vifaa vinavyobandikwa kwenye samaki mwenyewe na kwa kuchunguza misuli yake, vinaonyesha kwamba hafiki hata nusu yake. Bado anakwenda kasi kuliko unavyoweza kukusanya uzi, kwa hiyo akikugeukia na kuja kwako, usidhani ametoka. Zungusha rili kama mwendawazimu mpaka uzi ukaze tena.

Msimu upi na maji yapi huleta hao wakubwa?

Kaskazi. Kuanzia Novemba bahari inatulia, na mpaka Machi ndipo wenye boti wanapofanya kazi yao yote. Sulisuli hujaa mwisho wa mwaka, nduaro huongezeka mwaka mpya ukiingia. Kusi kikikaza Juni na Julai, chombo kidogo kikae ndani ya mwamba, na asiyekubali aulize wajane.

Angalia pia mto Sabaki. Mvua zikinyesha bara, mto huu hutema maji ya udongo kaskazini mwa mji na ghuba nzima hugeuka rangi. Ndani ya tope ni nadra kumpata sulisuli, yeye huwinda kwa macho. Lakini pale tope linapokutana na maji ya buluu kunakuwa na mstari unaoonekana wazi, dagaa hukaa kwenye ukingo wake, na wakubwa hupita upande wa buluu. Rambaza, yaani vuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, ukiufuata mstari huo, usiukate.

Usiku kuna habari nyingine kabisa: nduaro mwenye upanga mpana bapa, anayeishi kilindini mchana na kupanda giza likiingia. Boti za hapa na za Watamu humvua kwa mwanga wa taa. Hiyo si kazi ya ngalawa.

Mwandishi Mwamarekani Ernest Hemingway alivua maji haya haya mwaka 1934, na hoteli kadhaa bado zinaishi kwa jina lake. Samaki walikuwepo kabla yake.

Naruhusiwa kuvua popote?

Hapana. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, kusini mwa mji, imelindwa tangu 1968 na ndani yake hakuna kuvua kabisa. Maji yanayoizunguka ni hifadhi ya daraja la pili, ambamo uvuvi wa jadi unaruhusiwa. Kama hujui mpaka uko wapi, uliza ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya mahali unapotokea kabla hujatoka, maana ukishakamatwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, "sikujua" haisaidii.

Je, ikiwa si samaki bali ni kasa?

Utajua: mvuto mzito wa polepole, kisha kichwa kinatoka kuvuta pumzi. Kasa wote wanalindwa na sheria ya Kenya. Usimvute kwa uzi akining'inia. Mlete taratibu, mshike kwenye gamba mbele na nyuma, na kama ndoana iko juu juu, itoe. Ikiwa imemezwa, usiivute. Kata uzi karibu kabisa na mdomo, na ukiweza mpeleke kwa watu wa Local Ocean Conservation kule Watamu, ambao wana kliniki ya kasa na wamezoea kupokea simu za wavuvi. Ndoana za duara hupunguza sana ajali hizi. Hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kooni, kwa sharti moja: usizivute kwa ghafla na kwa nguvu samaki akigusa. Kaza tu polepole, itajigeuza yenyewe.

Babu yangu anasema vitu vingine vinavyoshika mshipi si samaki. Ni kweli kuna majini?

Sitagombana na babu yako. Mzee anayesoma Bismillahi kabla ya kutumbukiza ndoana huwa pia ndiye aliyenoa ndoana yake usiku, kwa hiyo hana hasara pande zote mbili.

Ila bahari hii haihitaji majini ili ikushangaze. Mwaka 2001 wavu wa meli iliyokuwa ikikokota kilindini mbele ya Malindi ulimtoa silakanti, samaki wa kale mwenye mapezi yanayofanana na viungo, ambaye wataalamu walidhani alitoweka mamilioni ya miaka iliyopita mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kama samaki huyo alikuwa hapo chini miaka yote bila mtu kumwona, mimi siwezi kuapa juu ya kila kilichowahi kumkatia babu yako mshipi. Mara nyingi, hata hivyo, ni taa.

Amefika ubavuni. Upembo upigwe wapi?

Nyuma ya kichwa, juu ya mgongo, mara moja. Usipige kuelekea uzi; nimeona upembo ukikata mshipi uliopiganiwa saa nzima. Anayeshika upembo asimame mbele ya anayeshika uzi, na asipige mpaka samaki alale.

Sulisuli na nduaro, shika mdomo wake mrefu kwa glavu, mikono yote miwili, vidole gumba vikitazamana, na uso wako usiwe mbele ya ncha. Hao wengi hurudishwa baharini wakiwa na alama ya African Billfish Foundation ya Watamu. Ukimvua mwenye alama, soma namba na upeleke taarifa, kwa sababu ndivyo tunavyojua wanakwenda wapi wakiondoka hapa. Kolekole usimshike mkia kwa mkono mtupu; magamba ya pembeni mwa mkia yanakata. Songoro mpige rungu kabla hajagusa sakafu.

Papa mkubwa kwenye chombo kidogo, kata uzi. Hakuna bei sokoni inayolipa mguu.

Ni lini nikate mshipi hata kama si papa?

Mshipi ukimshika mtu popote mwilini, kata bila kuuliza. Chombo kikianza kuingiza maji. Akikuvuta kuelekea mwamba unaovunja mawimbi. Jua likishuka na hujui uko umbali gani. Kisu kikae mahali pamoja panapojulikana na wote, kimefungwa kwa kamba fupi, si ndani ya mfuko wa mtu.

Taa amenichoma mwiba. Nifanyeje?

Osha kidonda, kisha kiingize kwenye maji ya moto, yale ambayo mkono mzima unaweza kuvumilia, karibu nyuzi joto 45, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu. Joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu hushuka. Mtu mwingine apime moto wa maji kwanza, maana mguu wenye maumivu hauhisi unaungua. Kisha nenda hospitali hata ukijisikia nafuu. Vipande vya mwiba hubaki ndani. Ukichomwa kifuani au tumboni, usiuchomoe mwiba, kimbizwa.

Nimemtoa, alhamdulillahi. Kuna haraka ya barafu?

Ipo, hasa kwa jodari, nguru na faulusi. Wakikaa juani nyama yao hutengeneza histamini, inayowasha mwili, kuumiza kichwa na kutapisha, na kupika hakuiondoi. Mtoe damu, mtoe matumbo, mfunike kwa barafu au angalau gunia lililolowa mpaka ufike.

Uzi huo nautumia tena?

Pitisha mita za mwisho kati ya vidole, polepole, na kwenye midomo ukiweza. Midomo husikia mkwaruzo ambao vidole vimeshasahau. Kata sehemu yote iliyokwaruzwa na mita kadhaa juu yake, funga upya, noa ndoana. Ule uliokata usiutupe baharini. Urudishe nyumbani, uuchome au uwape mafundi wa kusuka vikapu.